Uliza Tukujibu: Maneno ya Kujipa Moyo, na ya Kuwapa Wengine

Barua za mwezi huu zimetoka Unguja na Pemba, na takriban zote zinazunguka jambo moja: neno lina nguvu gani hasa, kwa anayelisema na kwa anayeambiwa? Waliozijibu ni mwalimu wa kuzungumza hadharani na mshauri nasaha wa safu hii. Majina ya walioandika tumeyaweka kando, kama walivyoomba.

Nasema "mimi ni mshindi", najiona mwongo

*Assalaam alaykum. Nnasoma Kidato cha Nne, nataka kuwa mkunga. Niliona video inasema kila asubuhi usimame mbele ya kioo useme mara 20, "Mimi ni bora, mimi ni mshindi." Nimefanya mwezi mzima. Mtihani wa hesabu nimepata 36, na sasa nikiyasema maneno yale najiona mwongo mtupu. Nnakosea wapi?*
Mwanafunzi, Chake Chake

Waalaykum salaam, mwanetu. Hujakosea, dawa uliyopewa ndiyo isiyokuwa yako. Mwaka 2009 mtafiti Joanne Wood na wenzake nchini Kanada waliwapa watu sentensi ya kujisifu waikariri. Waliokuwa wakijiamini tangu hapo walipata nafuu kidogo. Wasiojiamini, yaani wale wale ambao video za namna hiyo huwalenga, walijisikia vibaya kuliko wenzao wasiojiamini ambao hawakukariri kitu. Sababu yake umeshaiona mwenyewe: mdomo ukisema "mshindi", kumbukumbu inajibu "36". Ukibishana nayo kila asubuhi mara 20, unaizoesha kukujibu.

Inayokufaa ni sentensi ambayo kumbukumbu haina la kuipinga. Ijenge kwa vipande vitatu: ulichokwisha kufanya, utakachofanya leo, na saa na pahala pa kukifanyia. Kwa mfano: "Juzi nilifanya milinganyo 5, 3 ikatoka sawa. Leo baada ya Alasiri, nikiwa mezani ukumbini, nafanya 5 nyingine." Haina mbwembwe, lakini unaweza kuisema bila ya kujionea haya. Iseme mara moja tu, kwa sauti, kabla hujatoka nyumbani.

Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1977 juu ya imani ya mtu kwamba jambo fulani analimudu, alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kufanya mwenyewe na kufanikiwa, kumwona mtu wa hali yako akifanikiwa, kuambiwa maneno ya kutia moyo, na namna mwili wako unavyojisikia wakati wa kazi. Chenye nguvu kuliko vyote ni kile cha kwanza. Maneno yamo, lakini yakikaa peke yake huanguka siku ya mtihani mbaya. Ndiyo maana tunataka sentensi yako ibebe tendo.

Sasa tuiangalie hiyo 36. Ni D. Katika mtihani wa taifa C huanzia 45, kwa hiyo una alama 9 za kutafuta. Hizo 64 zote zilizokukimbia ziache kwa sasa. Chukua karatasi yako ya mtihani na kalamu ya rangi nyengine, pitia kila swali ulilokosa na uandike pembeni moja kati ya herufi tatu: S kama hukulisoma swali sawasawa, K kama njia uliijua ukakosea kukokotoa, J kama hujui kabisa. Zijumlishe alama za S na K. Wanafunzi wengi hushangaa kuona kwamba sehemu nzuri ya alama zao imepotelea hapo, na hizo ndizo za kuanza nazo kwa sababu hazihitaji somo jipya. Zinahitaji mkono uende taratibu. Za J peleka mada moja tu kwa wiki kwa maalim wako.

Halafu jiwekee sentensi ya "nikikwama". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionesha katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba anayepanga mapema "likitokea hili, nitafanya hili" hutimiza mengi kuliko aliyeishia kutia nia. Yako iwe hivi: "Nikikwama kwa dakika 10, natia nyota, naendelea na swali linalofuata, kesho namuuliza maalim." Bila ya hiyo, kila ukikwama utaanza kufikiri kama wewe ni bora au si bora, na saa nzima imekwenda.

Weka na daftari. Kila usiku mstari mmoja: nini umefanya, kiasi gani. Wengi huliharibu daftari hili kwa kuandika hisia ("leo nimejisikia vizuri") badala ya matendo. Baada ya wiki mbili ukilisoma halikuambii kitu. Wengine huruka siku mbili, kisha wakataka kulipa deni la siku zote kwa usiku mmoja, wakachoka, wakaacha. Siku iliyopita imepita. Andika ya leo.

Na ndoto ya ukunga? Usiiache, ila usikae sana ukijiona umeshavaa sare. Gabriele Oettingen na mwenzake waliwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu huko Ujerumani, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2002, waliojichorea zaidi picha tamu za kazi ndio waliotuma maombi machache na kupata kazi chache. Kichwa kikishaonja, miguu inalegea. Ukimaliza kujiona mkunga, jiulize papo hapo: leo kinachonizuia ni nini? Pia muombe mama akupeleke kwa mkunga mmoja wa hospitali ya hapo Chake. Usimuulize alifanikiwa vipi. Muulize alifeli nini, na baada ya kufeli alifanya nini wiki iliyofuata. Hicho ndicho chanzo cha pili cha Bandura, na hakina gharama.

Ulimi mzito mbele ya meneja

*Sisi ni kina mama watano wa hapa Paje, tunalima mwani na tunatengeneza sabuni. Wenzangu wamenichagua niende kusema na wenye mahoteli. Nikifika mapokezi mikono inatetemeka, ulimi unakuwa mzito, na bei naishusha kabla sijaulizwa. Nao wananitegemea.*
Mama wa Mwani, Paje

Mama, kutetemeka hakumaanishi hufai. Moyo kwenda mbio ni mwili kujiweka tayari, na mwili wenyewe hautofautishi sana baina ya hofu na hamu. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwataka watu waliokuwa wanakwenda kuhutubia wajiambie, baadhi "nimetulia", wengine "nina hamu". Waliojiambia wana hamu walihutubia vizuri zaidi. Kujilazimisha utulivu usiokuwapo ni kazi nyengine juu ya ile uliyonayo.

Kwa hiyo ukiwa bado nje ya geti, vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe taratibu ukihesabu mpaka 6. Fanya mara 6, itakuwa dakika moja. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza mbio za moyo. Kisha jiambie, "Nina hamu ya kuwaonesha sabuni yetu." Asubuhi hiyo kahawa iache, mikono inayotetemeka haihitaji msaada.

Lakini shida yako kubwa si mwili. Unaingia bila ya maneno uliyoyapanga, halafu unayatafuta mbele ya mtu. Yapange nyumbani, sentensi tano baada ya salamu, zisizidi. Kwa mfano:

"Natoka kikundi cha kina mama watano wakulima wa mwani wa hapa Paje. Hii ni sabuni yetu ya mafuta ya nazi, unga wa mwani na mafuta ya karafuu, na imekaushwa wiki 4. Hebu ishike, inuse. Tunauza kwa katoni ya vipande 20, shilingi 80,000. Nikuleteeni katoni ngapi za kuanzia?"

Bei hapo ni ya mfano. Nyinyi mnajua yenu. Ukiwa mapokezi, sentensi ya mwisho ibadilishe: "Anayeshughulika na manunuzi ni nani, na lini nitampata?" Mpokeaji wageni hana mamlaka ya kununua, na kumwaga maneno yote kwake ni kujichosha.

Angalia kile ambacho hakimo. Hamna "samahani nakusumbueni". Ukianza kwa kuomba radhi unamwambia mtu kwamba anasumbuliwa. Hamna historia ya kikundi tangu mwani ulipoanza kulimwa kibiashara huku pwani ya mashariki mwaka 1989, ingawa mgeni akiuliza unayo na ni nzuri. Hamna neno "inatibu". Usiseme sabuni inaponya ukurutu wala chunusi: hamna kipimo cha kulithibitisha, na meneja mjuzi akilisikia neno hilo huacha kusikiliza. Na "wiki 4" usiitamke kama hazikutimia. Sabuni inayochanganywa bila ya kupikwa, kwa mafuta na kostiki, huhitaji wiki 4 mpaka 6 za kukauka. Ikiuzwa mbichi inayeyuka upesi bafuni na inaweza kuwasha ngozi. Mgeni mmoja akilalamika, kujiamini kwako kote kumekwisha, na ni haki.

Bei ikishatoka mdomoni, nyamaza. Hapa ndipo unapopoteza pesa. Unaona kimya, unakifasiri kuwa ni hapana, unashusha. Mwenzako pengine anapiga hesabu tu. Hesabu kimoyomoyo mpaka 5 huku ukiiangalia sabuni, si uso wake. Akisema "ghali", jibu liwe tayari: "Mkichukua katoni 5 tunaweza kuzungumza." Punguzo litoke kwa kubadilishana na kitu, kama vile idadi, malipo taslimu, au kuwekwa sabuni yenu vyumbani na si stoo. Likitoka bure, mara ya pili ataomba jengine.

Mazoezi yawe ya ngazi tatu. Kwanza peke yako, kwa sauti, ukiwa unakwenda pwani, mpaka sentensi zitoke bila ya kufikiri. Jirekodi kwenye simu usikilize kama maneno ya mwisho hayamezwi. Pili mbele ya wenzako, na mmoja awe meneja mkorofi: akatize, aangalie simu, aseme "tuna sabuni zetu". Mpeni kazi hiyo yule mwenye masihara zaidi. Tatu, kaanzie dukani, sehemu ambayo hapana haina hasara, kisha nyumba ndogo ya wageni, ndipo hoteli kubwa. Watu wengi huanza na hoteli kubwa, wakakataliwa, wakaamini kwamba wao si watu wa kusema.

Jambo jengine la miadi. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kutoka sana, maji ya kwenu hutoka asubuhi, katikati ya saa tatu na saa tano au zaidi kidogo, na huo ndio wakati wa kufunga na kuvuna. Ukikubali miadi ya saa nne siku hiyo, utafika na akili iko baharini, au hutafika. Omba siku za maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo. Asubuhi zako zitakuwa huru, na saa nne ni wakati mzuri hotelini kwa kuwa vurugu za kifungua kinywa zimepungua.

Ukikataliwa, andika maneno aliyoyasema, kama alivyoyasema. "Hatuna bajeti mwezi huu" na "harufu kali" ni barua mbili tofauti: ya kwanza inakutaka urudi, ya pili inakutaka upunguze karafuu. Kuyabeba yote mawili nyumbani kwa jina la "wamenikataa" ni kupoteza taarifa uliyoifuata kwa nauli yako.

Nimsifu mtoto au nisimsifu?

*Mwanangu yuko darasa la 5. Kila akifanya vizuri nilikuwa namwambia, "Una akili wewe, si kama nduguyo." Sasa hesabu ngumu hataki hata kuzigusa. Mama yangu naye ananambia nisimsifu kabisa, nitamtia jicho. Nimfuate nani?*
Baba wa Watatu, Jang'ombe

Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyoyafanya nchini Marekani kwa watoto wa darasa la 5, umri wa mwanao. Watoto walipewa mafumbo, wakasifiwa, baadhi kwa akili zao na baadhi kwa juhudi zao. Walioambiwa wana akili, walipopewa nafasi ya kuchagua, wengi walichagua kazi rahisi; na baada ya kupewa mafumbo magumu wakashindwa, waliporudishiwa mepesi wakafanya vibaya kuliko mwanzo. Walioambiwa wamejitahidi waliendelea kusukuma. Mtoto aliyepewa cheo cha "mwenye akili" ana cha kupoteza kila akigusa hesabu ngumu, kwa hiyo anakilinda kwa kutogusa. Mwanao anafanya hivyo hivyo.

Mama yako msikilize. Hofu yake ya jicho na sifa iliyo nzuri havigombani hata kidogo. Sema Mashaallah kwanza, sema mkiwa wawili na si mbele ya majirani, kisha taja tendo badala ya mtu: "Mashaallah, nimeona ulifuta ukaanza tena mara mbili." "Jana sura ilikukataa, leo umeisoma bila ya kusita, uliirudia lini?" Hilo swali la mwisho ni zuri kuliko sifa, maana linamfanya aeleze njia yake mwenyewe, na akishaieleza anaijua.

Mambo mawili ya kuyaacha leo: kumfananisha na nduguye (unamjeruhi mmoja na kumtisha mwengine), na ile "lakini" ya mwisho. "Umefanya vizuri, lakini mwandiko mbaya" ni lawama iliyotanguliwa na salamu. La mwandiko mwambie kesho.

Barazani wananicheka

*Nataka kujifunza ufundi wa umeme wa jua. Kila nikilitaja barazani, vijana wenzangu na hata wazee wananambia "utaweza wapi wewe?" Niwajibu nini?*
Kijana, Wete

Kwa wenzako, sentensi moja ya tendo inatosha: "Jumatatu naanza kwa fundi, nitakujuzeni." Kisha geuzia mazungumzo kwenye mpira. Kubishana kuhusu kama utaweza hakuna mshindi, kwa vile ushahidi bado haupo upande wowote. Kwa mzee njia ni nyengine, usimrushie maneno. Muulize: "Mzee wangu, wewe unaona nitakwama wapi?" Mara nyingi chini ya kejeli ya mtu mzima mna jambo la kweli, kwamba zana ni ghali, au kwamba fundi fulani hufundisha mwaka mzima na hamlipi mwanafunzi. Lichukue hilo, maneno mengine yaache hapo hapo. Na ukishatambua nani hukucheka kila mara, ndoto yako usimpelekee tena ikiwa changa. Ipeleke ikiwa na kitu cha kuonesha, hata kama ni taa moja inayowaka.

Visiwa hivi vina mfano mkubwa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtoto wa kijiji cha Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu kuuza mjini, alitungiwa kejeli kwamba ametoka shamba na kaniki yake na kwamba bila ya sauti asingekuwa na cha kula. Hakwenda kugombana na mtu. Alijibu kwa kazi ile ile waliyomsemea, kwa wimbo, akisema uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja, hasara ni kukosa akili. Na mwaka 1928 alikuwa Bombay akirikodi santuri kwa Kiswahili.

Kumwambia "jipe moyo" hakusaidii

*Ndugu yangu hali chakula vizuri, halali usingizi, na juzi kasema bora asingezaliwa. Kila nikimpa maneno ya kumtia nguvu anazidi kunyamaza.*
Dada, Mkoani

Dada, hapa maneno ya kutia nguvu yasimame kwanza. Muulize waziwazi, mkiwa wawili na bila ya kunong'ona: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumtii fikra hiyo, humpa nafasi ya kuitoa. Msikilize bila ya kumkatiza, bila ya kumwambia ni dhambi au kwamba wapo wenye shida kubwa kuliko yake. Anayajua hayo, ndiyo yanayomnyamazisha. Akikubali kwamba anafikiria, asiachwe peke yake, ondoeni nyumbani dawa za wadudu, vidonge vilivyobaki na kamba, na mumpeleke hospitali leo hii: huko Pemba anzeni na hospitali iliyo karibu nanyi, na kwa Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu inayoshughulika na magonjwa ya akili. Dua na kisomo vinaweza kwenda pamoja na hayo, visiyacheleweshe.

Nimekaa kimya wiki mbili

*Rafiki yangu kafiwa na mama yake. Sikuwahi maziko, nilikuwa safarini Dar es Salaam. Sasa kila nikitaka kuandika naona nimechelewa na maneno yangu hayafai.*
Msomaji, Bububu

Andika leo. Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha mwaka 2018 utafiti juu ya watu wanaoandika barua za shukurani, wakakuta kwamba mwandishi hujali sana kama maneno yake ni fasaha, na hudhani mpokeaji ataona tabu kuliko anavyoona kweli. Mpokeaji yeye anashika kwamba amekumbukwa. Barua ya pole si barua ya shukurani, lakini kigugumizi chako ni kile kile.

Mistari minne inatosha: dua, kuchelewa kwako kwa maneno machache, jambo moja unalomkumbukia marehemu, na utakachofanya. "Assalaam alaykum ndugu yangu. Mola amrehemu mama, nawe akupe subira. Nimechelewa, nilikuwa safarini, uniwie radhi. Sisahau alivyokataa niondoke bila ya kufungiwa mkate wa kumimina kwenye gazeti. Jumamosi adhuhuri nitaleta chakula, huna haja ya kunijibu." Huo mkate wa kumimina ndio utakaosomwa mara mbili. Sisi tumeubuni; wewe tia chako, cha kweli, hata kikiwa kidogo.

Usiulize aliugua nini. Usiandike "bora amepumzika". Hilo ni lake yeye kulisema akitaka. Na ile "ukihitaji chochote nambie" iache kabisa, kwa kuwa inamwachia mfiwa kazi ya kufikiri na kuomba. Taja siku, taja kitu, upeleke.

Khanga gani nimpe wifi yangu?

*Nimeolewa mwaka jana. Mimi na wifi yangu tulirushiana maneno jikoni, sasa nataka tupatane. Nimeona doti moja nzuri Darajani, rangi anazozipenda, imeandikwa "Wache waseme". Nyengine ina "Wema hauozi". Ipi?*
Wifi Mpya, Kwahani

Zote mbili zirudishe dukani, shoga yetu! "Wache waseme" ataivaa kila mtaa ujue kuna waliosema, na wa kwanza kufikiriwa ni wewe. "Wema hauozi" ni jina (ndivyo yanavyoitwa maneno ya khanga) zuri kwa mtu aliyekutendea wema. Kwa mtu mliyegombana linasomeka kama unamkumbusha wema wako, au unamsuta kwa kukosa wake. Khanga yenye majina imezoeleka tangu mwanzoni mwa karne ya 20 (anayetajwa sana kuyaanzisha ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa Abdulla, na majina ya kale yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu), na muda wote huo wanawake wa mwambao wameitumia kusemea wasiyotaka kuyatamka. Kwa hiyo mpokeaji hasomi jina peke yake. Analisoma pamoja na ugomvi wenu.

Chagua jina lisiloweza kuwa na ncha ya pili. "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu" linakuhusisha na wewe mwenyewe. Majina ya kheri, baraka na dua kwa jumla ni salama. Yanayotaja hasidi, majirani, siri, mapenzi au nyota ya mwenzio yaepuke, hata rangi zikivutaje. Ukitaka kumpa na mama mkwe, na usipompa yeye utakuwa umefungua ugomvi mwengine, "Nani kama mama" halijawahi kumkasirisha mtu.

Ukiwa dukani usinunue ikiwa imekunjwa. Jina hukaa chini ya mji, yaani sehemu ya katikati, karibu na pindo, na mara nyingi hupotelea ndani ya mkunjo. Mwambie muuzaji aifungue yote usome neno kwa neno, kwani zipo zilizochapwa zikakosewa herufi. Kisha ipeleke kwa fundi ikatwe na ipindwe. Khanga iliyopindwa inavalika siku hiyo hiyo, na inaonesha umeihangaikia.

Wala usiitume kwa mtoto. Ipeleke mwenyewe, asubuhi, jikoni mlipogombania, pasiwe na watu wengine, na utamke kwa mdomo lile ambalo khanga haiwezi kulisema: "Wifi, siku ile nilikukatiza maneno mbele ya wageni. Nisamehe." Taja ulichofanya wewe tu, usimuorodheshee alichofanya yeye. Akipokea akanyamaza, usingoje jibu. Chukua mbuzi, kaa, mkunie nazi.